Karatasi ya Kompyuta na Ng'ombe wa Igawa

Dukani Igawa nilimkuta bwana shamba ametandaza kwenye kaunta karatasi ya kompyuta kutoka Dar, iliyompangia siku na njia ya kupeleka mbegu za mpunga Ubaruku bila kukutana na mvua.

Mfugaji aliyekuwa akinunua chumvi akamwambia taratibu, "Bwana shamba, ule mto umejaa. Jana ng'ombe wangu wamekataa kuvuka."

Bwana shamba akaigonga karatasi yake kwa kidole. "Hao ng'ombe wako wamesoma wapi?"

Lori lake la mbegu lilikwama mtoni siku nne, magunia yakilowa, mpaka ng'ombe walewale wakalivuta. Baadaye nikaisoma ripoti ya bwana shamba ofisini: "Mbegu zimefika Ubaruku na zimeota vizuri."

Hakusema uongo. Ziliota humohumo ndani ya magunia.