Goti la Kushoto

Nimechoka. Nianze na hilo, maana watu wakinisimamisha sokoni Nachingwea wanataka niwasimulie magoli, na magoli yenyewe nimeanza kuyasahau. Nilikuwa mshambuliaji, kwanza hapa nchini, kisha Uarabuni, mwisho Msumbiji, ambako goti langu la kushoto lilichanika, likashonwa, likachanika tena. Nikarudi Lionja na begi moja. Mama nilimwambia niko likizo.

Habari za goti sikumwambia mtu. Kocha mmoja wa Ruangwa alitaka nimchezee msimu mmoja wa mwisho, nami niliutaka msimu huo kuliko kitu chochote. Neno likitoka Lionja asubuhi, mchana liko Ruangwa. Kutembea nilitembea vizuri tu, hata kukimbia mbio za kunyooka niliweza. Kulikunja goti hadi mwisho ndiko kulikonishinda.

Sasa Mwislamu asiyeweza kukunja goti atajificha wapi kijijini? Msikiti wetu ni mdogo. Wazee wanaosali wamekaa kwenye viti wanajulikana mmoja mmoja, na maradhi yao yanajulikana. Mimi nikaombe kiti? Kila nikisikia adhana nilichukua ndoo, kama naenda kuokota korosho, nikaenda kwenye mikorosho yetu, nikasali huko peke yangu, nimekaa juu ya gogo.

Mama aliona ndoo tu. Akavumilia wiki mbili, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Uarabuni walikufundisha nini wewe? Umeondoka hapa unasali, umerudi husali!"

Nimewahi kuzomewa na uwanja mzima nikalala usingizi mzuri, lakini lile la mama liliniuma hadi nikashindwa kula. Na bado sikusema. Niliona aibu, na niliendelea kuutaka ule msimu.

Siku ya Ijumaa tuliamkia shambani, sisi wawili, kuokota korosho. Mama alichuchumaa chini ya mti kama kawaida yake, anatenganisha korosho na bibo, anasogea, hainuki. Mimi niliokota nimesimama, miguu imenyooka, nimeinama kutoka kiunoni. Mgongo ulikuwa unawaka moto.

"Mbona unaokota kama twiga anakunywa maji?" akaniuliza huku akicheka.

Kisha hakucheka tena. Aliutazama mguu wangu, akalitazama lile gogo, jinsi lilivyofutwa vumbi, na kandambili zangu za jana zilizobaki pembeni yake.

"Chuchumaa," akasema.

"Mama..."

"Chuchumaa nikuone."

Sikuweza. Nilisimama pale na korosho mkononi, mwanamume mzima, machozi yananitoka.

Tulirudi nyumbani, akaoga, akavaa kanga safi. Adhana ya Ijumaa ilipoanza aliingia jikoni, akatoka na kiti chake cha plastiki, kile anachokalia akipika. Akakiweka kichwani na kushika njia ya msikitini, katikati ya kijiji, watu wakitazama.

Ningeweza kumkimbilia nikamnyang'anya. Mbio za kunyooka bado ninazo. Nilimfuata polepole.

Alikiweka mwishoni mwa safu, karibu na wazee, akatoka bila kunitazama. Nikakaa. Mzee aliyekaa pembeni yangu alinisogezea mguu wa kiti ukae sawa kwenye mkeka.

Tulipotoa salamu, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya yule kocha wa Ruangwa.