Chupa ya Chai ya Mdoe

Mdoe wa Handeni alikuwa mkulima wa mahindi na mtu mwema, ila habari za kodi zilimtia wazimu kidogo. Kwa imani yake, kodi za nchi nzima humiminwa kwenye chungu kimoja huko Dodoma, na wakati wa kupakua Korogwe hupewa nyama, kijiji chake kikaachiwa mchuzi. Ushahidi alikuwa nao: Korogwe mjini kulikuwa na taa za barabarani, kwao kulikuwa na vumbi.

Basi kila alipokwenda gulioni Korogwe hakununua kitu, asije akawaongezea nyama watu walioshiba. Alibeba maji yake, kiberiti chake, hata chumvi ya kulia yai. Kabla ya kurudi alitembea juu ya lami, akaenda akarudi, akiikanyaga kwa nguvu ili achukue haki yake.

Tatizo lilikuwa Maryamu, mjane wa Kisambaa kutoka kijiji cha Bungu, mwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Mdoe alimpenda mpaka usingizi ukamruka. Kila siku ya gulio alikaa kwenye benchi lake, akachomoa chupa yake ya chai, akawa anakunywa huku anamtazama.

Maryamu alivumilia weee, mwisho akaja kusimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee Mdoe."

Ile shikamoo ilimchoma kuliko chai. "Marahaba. Lakini mimi si mzee kiasi hicho."

"Benchi unakalia langu, chai unaleta ya Handeni. Najua Mzigua kama wewe na Msambaa kama mimi ni watani, lakini utani gani huu?"

Mdoe akamweleza habari yote ya chungu. Maryamu alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Hiza wa Mkumbara ameshaleta posa," akasema. "Na yeye chai yangu anakunywa. Kama na wewe una neno, anza na kikombe. Na ujue kabisa, mimi Korogwe sihami."

Mdoe akawafikiria wanakijiji wenzake na mchuzi wao, akawaonea huruma sana. Kisha akaimwaga chai ya Handeni chini.

"Niwekee na chapati mbili," akasema kwa sauti ndogo.

Siku hizi anaishi Korogwe na mkewe Maryamu, na wateja wa kibandani anawapokea yeye. Juzi Mustapha, jirani yake wa zamani kule Handeni, alikaa kwenye benchi akachomoa chupa ya chai. Mdoe akamnyang'anya hata kabla hajafungua kifuniko.

"Ndugu yangu, hapa kila mtu anachangia," akamwambia. "Unadhani taa zetu zinajiwasha zenyewe?"