Maboya Saba ya Tokiko

Saa nane mchana, theluji inaanguka kimya juu ya mfereji wa mji wa bandari wa Otaru. Tokiko Narumi, mwenye umri wa miaka sitini na saba, amepiga magoti kwenye ukingo wa mawe, akivuta kamba yenye maboya arobaini na nane ya kioo. Kila boya lina tundu juu la kuwekea mshumaa. Usiku kucha yamejaa theluji, na theluji imeganda. Anaikwangua kwa kijiko, boya moja baada ya jingine.

"Shemeji, kwa mwendo huo tutamaliza theluji yote ikishayeyuka," anasema Yasuji, mdogo wa marehemu mumewe, dereva mstaafu wa treni.

"Na treni zako zilifika lini kwa wakati?"

Leo ni jioni ya kwanza ya tamasha la mwanga wa theluji. Mishumaa lazima iwake saa kumi na moja kamili. Safu nyingine zote za mtaa huu zimeshawekewa taa za plastiki za betri, maana kamati haitaki wazee wateleze majini. Imebaki hii ya Tokiko, nayo ameonywa: ikiwa na pengo mwaka huu, nayo itawekewa plastiki.

Maboya haya yalipulizwa na mumewe, Iwao. Ujanani mwake alitengeneza ya kuelea kwenye nyavu za samaki waitwao heringi. Heringi wakatoweka, plastiki ikaja, kiwanda kikafungwa. Haya arobaini na nane ndiyo kazi yake ya mwisho.

Tokiko anapasua samaki sokoni tangu akiwa na miaka kumi na sita. Leo ameanza kazi saa kumi alfajiri. Baba yake alishusha mizigo kwenye mfereji huuhuu, kabla nusu yake haijafukiwa kupitisha barabara.

"Nimechoka," anasema, bila kulalamika, kama anayetaja jina lake.

Saa tisa yamebaki maboya saba, na barafu yake ni ngumu kama jiwe. Goti la kulia limekataa kukunjwa. Tokiko anayafungua kwenye kamba, anayapanga ndani ya beseni, anachukua birika la maji ya chai na kumimina.

Yanalia yote karibu kwa pamoja. Kisha beseni limejaa vigae.

Kwa miaka ishirini na miwili amewafokea watu wa kujitolea kuhusu jambo hilohilo: maji ya moto hayagusi kioo cha baridi. Anabaki ameshika birika.

"Sema basi," anamwambia Yasuji.

"Niseme nini? Kaka angekufokea. Mimi nakuogopa."

Yasuji anaondoka akiburuta kigari cha theluji. Anarudi saa kumi na nusu na taa saba za barafu, zile ambazo kila nyumba huweka mlangoni: ndoo ya maji huachwa nje, maji yakaganda pembeni, katikati pakabaki shimo la mshumaa.

"Tatu zangu, nne za majirani. Mama Sugimori kanipa mbili na tusi moja."

Wanawasha mishumaa ya maboya arobaini na moja, wanairudisha kamba majini, kisha wanazipanga taa za barafu kwenye ukingo, mbele ya pengo. Wanaziwasha nazo.

Bwana Hatakeyama, msimamizi wa kamati, anafika saa kumi na moja juu ya alama. Anahesabu kwa kidole.

"Mama Tokiko, majini hapa hamna kitu."

"Tazama vizuri."

Anainama. Ndani ya maji meusi, miali saba inatikisika mahali palepale maboya yalipokuwa. Anahesabu tena, safari hii kidole kikielekea majini.

"Naandika arobaini na nane," anasema hatimaye. "Mwakani yawe ya kioo."

Hatakeyama akishaondoka, Tokiko anaketi kando ya beseni lililofunikwa gunia. Hajamwaga hata kigae kimoja. Mwezi wa nne atavipeleka kwa rafiki wa Iwao, ambaye bado ana tanuri, vipulizwe upya. Mwezi wa tano atapasuliwa goti.

"Kioo kinayeyuka kikawa kipya," anasema akilisugua. "Hili sijui."

Zimebaki jioni saba za tamasha, na kesho alfajiri samaki wanamngoja. Yasuji anamnyooshea mkono ainuke.

"Shemeji, nikumiminie chai?"

"Hilo birika nenda nalo kwako," anasema Tokiko, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Ulirudishe tamasha likiisha."