Kiapo Alichokikataa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake unakata kuliko mkasi wake. Lakini wakili alipopoteza hati ya nyumba yake, shangazi alianza kuongea na kabati.

Nyumba yenyewe ni vyumba vitatu na kibaraza cha kushonea. Mumewe, fundi mwashi, aliijenga kwa mikono yake kila alipopata nafasi baada ya kujenga nyumba za wenzake. Alipofariki, shangazi akampelekea wakili hati ili amhamishie umiliki. Wakili akahama ofisi. Viti vikafika, zulia likafika, hata ua la plastiki likafika salama. Hati haikufika.

"Marehemu anasimama pale kabatini ilipokuwa bahasha ya hati," shangazi aliniambia huku akitunga uzi kwenye sindano. "Hasemi kitu. Anangoja nimwambie iko wapi."

"Mwambie akamsimamie wakili."

"Cheka tu. Wewe hulali humu."

Nilicheka kweli. Ila kuanzia siku hiyo, nikitumwa vitambaa chumbani kwake, nilikuwa naingia kwa ubavu, macho sakafuni, natoka bila kugeuka.

Habari zikamfikia shemeji yake, mdogo wa marehemu. Akaanza kuja na futi kamba, anapima uwanja wa nyuma huku akisema anapita tu. Kwake hesabu ilikuwa fupi: nyumba ni ya kaka, kaka hayupo, na huyu mwanamke hana karatasi.

Wakili akatuita. Dawa ipo, alisema: ripoti ya polisi, kiapo mbele ya hakimu, tangazo gazetini, kisha ofisi ya ardhi itatoa hati mpya. Kiapo alikuwa ameshakichapa. Nikamsomea shangazi: anaapa kwamba hati ilimdondoka yeye mwenyewe, akitoka sokoni.

"Kwa hiyo nilienda na hati kununua nyanya," shangazi akasema.

"Ni maneno tu, mama. Weka saini, nyumba ipone."

"Nyumba itapona. Na yule anayesimama kabatini, nimwambie mimi ndiye niliyeidondosha?"

Wakili akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta mwenye akili timamu chumbani. Alikosea mtu. Nilikirudisha kiapo mezani kwa ncha za vidole.

Kesho yake shangazi alihamia mapokezi kwa wakili, na kapu la sare za shule za kupinda. Kila mteja aliyeingia alipokewa kwa adabu zote.

"Umeleta hati, baba? Akuandikie kwamba ameipokea, na aweke saini. Yangu imepotelea humu humu. Karibu ukae."

Hawakukaa. Mzee mmoja aliikumbatia bahasha yake akatoka kinyumenyume. Sare hazijaisha kupindwa, wakili akachapa kiapo kingine, safari hii kwa jina lake mwenyewe.

Mahakamani tulikaa benchi la mbele. Shangazi aliacha nafasi kati yetu, na kila aliyetaka kukaa alimwambia pana mtu. Wakili akasoma mbio mbio, maneno akiyameza: kwamba alikabidhiwa hati, kwamba imepotelea mikononi mwake akihamisha ofisi, kwamba mjane hana kosa. Hicho ndicho tulichokitaka. Kwa kiapo kile ofisi ya ardhi ingepokea maombi yetu, na shemeji angekunja futi kamba yake. Nikaanza kuinuka.

Shangazi hakutikisika.

"Mheshimiwa, naomba arudie, kwa sauti. Mwenyewe hajasikia."

Hakimu akaitazama ile nafasi benchini. Wakili naye akaitazama, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akainua tena karatasi, akasoma polepole, neno baada ya neno, na hakuwa akimsomea hakimu.

Alipomaliza, shangazi alisogeza magoti pembeni, kama unavyompisha mtu atangulie kutoka. Mimi nikavuta miguu yangu.