Viti vya Jirani

Mimi siazimi kitu cha mtu, na changu simwazimi mtu. Wanaoniita mchoyo waendelee, midomo ni yao. Ukija kwangu kutaka ungo nitakwambia umetoboka, na ukiuona unaning'inia ukutani mzima, basi jua nimekunyima. Nina sababu, na leo naisema.

Mwaka ule nilichaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Dodoma yalijaa vitu ambavyo sisi watoto tulikuwa hatujawahi kuviona, sabuni za kunukia na chupa za chai zenye maua, na huku kila kitu cha serikali kikaanza kuwa na bei, hata ada ya sekondari ikarudi. Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la tano. Mama alikaanga vitumbua akaviuza kandokando ya barabara kule Makole. Vitumbua vilitulisha, lakini ada havikuifikia. Hata hivyo alilitoa sanduku la bati la marehemu baba, akalipaka rangi ya kijani, akaweka ndani shuka na mche wa sabuni, akalifunga kufuli. Ufunguo akanivalisha shingoni kwa uzi.

Ndipo likaja tangazo kwamba serikali itawalipia ada watoto wa familia zisizojiweza. Mzazi ajaze fomu, kisha afisa wa ustawi apite nyumbani kwake aone hali kwa macho yake. Mtaani kwetu walijaza wawili: mama, na jirani tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, ambaye binti yake nilisoma naye darasa moja. Huyo jirani mumewe aliuza mitumba, siku zote yuko safarini, na sebule yao ilikuwa na viti vya sponji, redio kaseti na saa ya ukutani inayopiga kengele. Kwa nini alijaza fomu, usiniulize mimi.

Sasa mama yangu. Kwao ni watu wa mjini wa zamani. Wazee wao walikuja na misafara, wakafungua biashara, na nyumba yao haikuzoea kulala bila mgeni. Tangazo lilisema afisa, yeye akasikia mgeni. Wiki nzima alihangaika huyo mgeni atakaa wapi na atanywea nini, maana tulikuwa na mkeka mmoja na vikombe vya bati vilivyobabuka. Nilimwambia, mama, huyu anakuja kuangalia umaskini. Akanikata jicho, akasema umaskini wake anaujua Mungu, si mtu anayeingia na viatu.

Jirani alikuja mwenyewe. Mama hakumwomba, na hilo nitalirudia mpaka kaburini. Alisimama mlangoni, kanga kiunoni.

"Jirani, utamkalisha mgeni wa serikali chini? Chukua viti vyangu. Chukua na redio, chukua na saa. Mimi na wewe kuna kwako na kwangu?"

Mama alimshukuru mpaka machozi yakamlenga. Asubuhi ya siku yenyewe nilivibeba vile vitu mimi, safari tano, kwa furaha. Nilipoiwasha redio nikajiona na mimi mtoto wa watu.

Mama alimchinja tetea wetu, kuku pekee tuliyebaki naye, na alikuwa anataga. Akapika wali wa mchele wa Bahi. Afisa alikuja saa sita, bwana mwenye tumbo na faili kwapani, akazama kwenye kiti cha sponji. Paja akala, kidari akala, firigisi akaiulizia, akapewa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wetu alikuja tukaugua.

Alipokwisha kunawa akanigeukia, akaniuliza kama redio yetu inakamata vizuri. Nilimtazama mama. Mama alitazama chini. Kwetu mtoto hasemi mbele ya mgeni kwamba kiti alichokalia ni cha jirani; ni kumvua mama yako nguo hadharani. Nikajibu kwamba inakamata vizuri sana. Akaandika.

Kisha mama akanituma nimsindikize mpaka kwa jirani, maana ndiko alikokuwa anaelekea. Mlango ulikuwa wazi. Jirani alikuwa amekaa chini, juu ya gunia, kanga kuukuu kichwani. Sebule ilikuwa tupu kabisa, ukutani umebaki msumari wa saa. Alimpa afisa maji kwenye kikombe cha plastiki, akamwomba radhi kwa sauti ya mgonjwa, akasema ndiyo hali yao. Nami, punguani mimi, nikamwonea huruma. Nilidhani anaona aibu kwa sababu vitu vyake viko kwetu.

Afisa alipoondoka tu, jirani akaja kuchukua vitu vyake. Alianza na saa.

Baada ya wiki mbili majina yakabandikwa. La binti wa jirani lilikuwepo, langu halikuwepo. Mama akavaa buibui lake, tukaenda ofisini. Afisa alitukumbuka, tena akatuchekea.

"Mama, mimi nimekula kuku kwako," alisema. "Wapo wenzako walionipa maji matupu. Nikikuandika wewe hujiwezi, wao niwaandikeje?"

Nilimvuta mama buibui, nikamnong'oneza amwambie. Ni neno dogo tu, kwamba vile vitu vilikuwa vya kuazima. Mama akalivuta buibui lake likarudi mahali pake.

"Haya baba," akasema. "Karibu tena."

Njia nzima nililia kwa hasira, nikamuuliza kwa nini amenyamaza. Akasema hawezi kumwambia mtu kwamba alimkalisha kwenye uongo, wala hawezi kumuumbua jirani aliyemsitiri. Aliyemsitiri! Nguo ya kuazima haisitiri matako, methali hiyo mama ndiye aliyenifundisha. Nilimchukia siku ile, mama yangu mzazi, sifichi. Afisa nilimchukia yeye na tumbo lake. Jirani bado sikumchukia, nilichelewa kuelewa.

Alinielewesha mwenyewe, wiki ya kufungua shule. Alisimama palepale mlangoni, kanga kiunoni vilevile.

"Jirani, lile sanduku la kijani si limekaa tu?"

Ilikuwa sauti ileile ya chukua viti vyangu. Nikaliona lile gunia. Nikauona msumari. Mwenye nyumba iliyojaa vitu alihitaji mahali pa kuvificha siku moja, na sisi tulivibeba wenyewe, tukamshukuru juu yake. Mama anasema hadi leo kwamba nina roho mbaya, kwamba jirani hakukusudia. Mimi nasema alikusudia.

Mama akaniambia nilifungue sanduku, nitoe shuka na sabuni, nimpe. Nikasema nakwenda kujisaidia kwanza. Chooni niliufungua ule uzi, nikauchomoa ufunguo nikautupa shimoni, kisha nikauvaa uzi tena. Nikarudi nikasema ufunguo umepotea. Jirani akaita mtu mwenye nyundo, kufuli likavunjwa palepale ukumbini kwetu pamoja na kishikio chake. Mama akatoa shuka yangu na sabuni yangu, akalifuta sanduku vumbi, akamkabidhi. Binti yake alikwenda nalo shuleni limefungwa kwa kamba ya katani.

Wakati tunakula mama aliutazama uzi shingoni kwangu, fundo lake zima, hauna kitu. Kesho yake asubuhi alinitwika sinia la vitumbua, akaniambia niwahi Makole kabla watu hawajaingia kazini.