Dakika Arobaini za Mama Theluji

Mama Theluji alikuwa dobi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa shati jeupe likishapita mikononi mwake lilirudi jeupe kiasi cha kumwaibisha mvaaji. Kibanda chake kilipakana na duka la vipuri: mabeseni matatu, meza ya pasi iliyoungua kona moja, kamba nne, na kipande cha kioo ukutani ili wateja wajitazame. Yeye hakujitazama. Juu ya mdomo wake kulikuwa na masharubu.

Wala si vinyweleo vya kusingizia. Masharubu yenye msimamo. Mumewe, fundi baiskeli aliyehangaika miaka kumi na mitano kuotesha ya kwake bila mafanikio, alimtania kwamba Mungu alikosea anwani. Walicheka, maisha yakaendelea.

Mpaka Jumanne moja binti yao wa miaka kumi na mitatu aliposimama mlangoni na sare za shule, akichezea kifungo.

"Mama, Jumamosi ni siku ya wazazi. Mwambie baba aje."

"Baba yako ana pancha zake. Nakuja mimi."

"Aje baba tu."

"Kuna nini?"

Binti akaliangalia beseni. "Siku ile ulipoleta suti ya mwalimu mkuu, darasa zima walisema mjomba wangu amefika."

Mama Theluji aliendelea kupiga pasi. Mkono mmoja wa shati aliupiga mara sita.

Kesho yake ushauri ukamiminika. Muuza mkaa alisema apake majivu. Shangazi yake alipiga simu kumwonya: "Usinyoe! Ukinyoa zinarudi kama za ufagio." Kinyozi wa kona alijitolea kumhudumia mbele ya wateja wote, "kwa heshima zote, mama." Kwenye video ya simu akamkuta msichana asiye na unywele hata mmoja usoni akifundisha namna ya kuondoa nywele. Mama Theluji akazima. Yeye hakuwahi kumwona dobi akifundisha kufua kwa nguo iliyokwisha takata.

Akaenda duka la dawa. Mfamasia alikuwa kijana mpole wa miwani.

"Kunyoa hakuzinenepeshi, mama. Zinaonekana hivyo kwa kuwa zimekatwa ncha. Unaweza kupunguza kwa mkasi, kunyoa kwa wembe safi, kung'oa kwa uzi. Au ipo krimu ya kuzififisha rangi."

"Inatakatisha?" Macho ya dobi yakang'aa.

"Inafifisha. Kwanza paka kidogo ndani ya kiwiko, suuza, usubiri siku nzima. Usipowashwa, paka mdomoni dakika kumi. Kumi, mama. Usizidishe."

"Mwanangu, mimi nimeanza kutakatisha vitu kabla hujazaliwa."

Hapo ndipo kijana alipopaswa kumnyang'anya kopo.

Jaribio la kiwiko alilitii, maana hakuna dobi mwenye akili anayemwagia hariri dawa ngeni bila kujaribu kwenye upindo wa ndani. Kiwiko kikanyamaza. Alhamisi mchana akashusha pazia, akapaka. Dakika kumi zikaisha. Akafuta kidogo pembeni, akachungulia kioo: bado kahawia. Maelekezo yalisema suuza, lakini ile miaka ishirini ya mabeseni ikamnong'oneza kwamba doa likigoma unaliloweka. Akaongeza tabaka la pili, akaenda kukunja mashuka. Ilipoanza kuunguza alifurahi. Dawa inafanya kazi! Dakika arobaini.

Aliposuuza, masharubu yalikuwa ya dhahabu, na ngozi chini yake imebabuka na kuvimba. Masharubu ya zamani ulihitaji kusogea uyaone. Haya mapya yalionekana kutoka barabarani.

Alikuwa angali anajimwagia maji baridi aliposikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa nyuma ya kamba. Akasogeza shuka. Binti yake, ambaye hakumsikia akirudi kutoka shule, alikuwa ameloweka pamba kwa dawa ya kutakatishia mashuka, ile yenye harufu ya kukata pumzi, na pamba ilikuwa njiani kwenda mdomoni.

Mama Theluji aliupiga ule mkono kama anayepiga mende. Pamba ikaruka huku, chupa kule, dawa ikamwagikia meza ya pasi, juu ya suruali nyeusi ya mwalimu mkuu, ya kuvaa Jumamosi.

"Unafanya nini wewe?"

"Na mimi zimeanza!" Binti akaangua kilio. "Wanasema bado kidogo nitakuwa mjomba mdogo."

Mama alitaka kusema kitu cha maana. Suruali ikamtangulia. Gotini weusi uligeuka rangi ya kutu, kisha chungwa, kisha nyeupe, wote wawili wakitazama.

"Umeona? Hiyo nguo ni nene mara kumi kuliko mdomo wako. Hiyo nitaipaka rangi. Wewe ningekupaka nini?"

Binti akainua macho na, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akauona uso wa mama yake.

"Mama! Umefanyaje?"

"Nimejiloweka."

Kicheko kilimtoka binti pamoja na kamasi.

Ijumaa walikwenda wote kwa mfamasia. Mama akapewa marhamu na amri ya kutopaka kitu kingine mpaka apone. Binti akaambiwa mkasi mdogo wa ncha butu unatosha, akitaka, na asipotaka si ugonjwa. Akanunua mkasi, akauweka mfukoni, akasema atafikiria.

Jumamosi asubuhi fundi baiskeli alinawa mikono na kuuliza, "Haya, nani anakwenda?"

"Mama," binti akasema. "Nani mwingine atamweleza mwalimu mkuu habari ya suruali?"

Shuleni mwalimu mkuu alihutubia kuhusu nidhamu ndani ya suruali ya zamani iliyombana hata hakuthubutu kukaa. Wasichana watatu wakasogea.

"Mjomba wako kafanya nini mdomoni?"

Binti akamshika mama yake mkono. "Huyu ni mama yangu. Alijiloweka dawa dakika arobaini. Nyie mngeweza hata tano?"

Mmoja akafikiria kwa dhati. "Iliuma?" akamuuliza Mama Theluji, kwa adabu.

"Sana, mwanangu. Usijaribu."

Kisha mwalimu mkuu akaja, akitembea kwa hatua fupi. Mama Theluji akakiri yote: pamba, chupa, goti. Mwalimu mkuu aliutazama ule mdomo kwa muda mrefu, huku akijipapasa masharubu yake mwenyewe, meusi ti kwenye kichwa cha mvi.

"Dakika arobaini," akanong'ona. "Mimi na hii rangi, mara ya kwanza, nilipitiwa na usingizi."