Kumtafuta Walii kwa Imeli

Baba mdogo alipokataa kuniozesha, sikulia. Nilikasirika. Alikuwa amekaa sebuleni kwetu Temeke, kofia yake juu ya goti, amekunywa chai yetu na kumaliza vitumbua vyetu, ndipo akasema yule mwanamume niliyemleta ni mtu wa bara, ukoo wake hatuujui, na yeye kama walii wangu hatoi idhini. Kisha akaomba kikombe kingine cha chai. Mama akammiminia. Mimi ningemnyima.

Mwanamume mwenyewe alikuwa fundi wa laini za simu, kwao Kigoma, Mwislamu wa swala tano, mpole kuliko mimi mara nyingi. Tulikutana yeye akiwa juu ya ngazi, ameegemea nguzo ya simu mbele ya ofisi yetu Kinondoni, na mimi chini nikimfokea kwa sababu laini ilikuwa imekatika na hakuna aliyekuja siku zote hizo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Sista, ukipunguza sauti kidogo nitaweza kusikia kama simu inalia." Siku ile nilimchukia. Baadaye nikaona sijawahi kuambiwa ninyamaze kwa adabu namna ile.

Kwetu binti haozwi hivi hivi tu, lazima awe na walii wa kumtoa. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na baba akiondoka kazi hiyo ni ya kaka. Kaka nilikuwa naye mmoja, baba mmoja mama mmoja. Alikwenda kusoma Ulaya ya Mashariki nikiwa bado shule ya msingi. Nchi iliyompokea ikavunjika, barua zake zikawa za msimu, kisha zikakoma kabisa. Baba mdogo alikuwa ameshakata shauri kwamba kijana amepotea, kwa hiyo walii ni yeye. Siku moja alitaka hata tumsomee hitima. Mama akamjibu kwa upole kwamba mchele umeisha, na habari ya hitima ikafia hapo.

Mimi na mama tulikwenda kwa shehe wa mtaani, aliyetusomesha chuo cha Kurani sisi sote, kaka yangu akiwa wa kwanza. Alitusikiliza huku akichezea tasbihi.

"Kaka mtu akiwa hai na neno lake likapatikana, walii ni yeye," alisema. "Baba mdogo hana nafasi mbele yake. Lakini lipatikane. Mie siozeshi kwa kudhani."

Tukiwa njiani kurudi mama alinitangulia, haraka kuliko kawaida yake. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniozesha. Yeye alikuwa anatafuta mwanawe, na kwa miaka yote ile hakuna aliyempa ruhusa ya kutafuta.

Nilikuwa na kompyuta. Haikuwa yangu, ilikuwa ya ofisi, lakini mtu yeyote wa pale angekwambia ilikuwa yangu. Ilikuwa ofisi ya watafiti wa magonjwa ya mihogo, na mimi niliajiriwa kupiga chapa. Walipoleta modemu, watafiti waliigusa wiki ya kwanza, ikawachosha, wakaniachia. Katikati ya miaka ya tisini imeli haikuwa jambo la kukaa ukachungulia muda wote kama sasa. Unaandika barua zako asubuhi, mchana kompyuta inapiga simu kwenye kompyuta kubwa ya mjini, inakabidhi mzigo, inachukua mzigo, inakata. Kama kuna mgao wa umeme, au laini ina maji, mzigo unalala. Nilijifunza kwa kusoma kitabu cha maelekezo na kwa ubishi. Nilikuwa hodari na nilijua hivyo, na sioni kwa nini nijifanye leo kuwa sikujua.

Mtafiti mmoja mgeni ndiye aliyetuambia kwamba huko nje kuna kompyuta zinazojibu imeli zenyewe, bila mtu. Unaitumia swali, inapekua makabati yake, inakurudishia jibu. Moja inaleta makala za kisayansi, nyingine habari za hali ya hewa. Na kulikuwa na moja, alisema, iliyoweka anwani za watu wote waliowahi kuandika kwenye mabaraza ya mazungumzo ya kompyuta duniani. Unaipa jina, inakupa anwani. Yeye alilitaja hilo kwa kupita tu, akarudi kwenye mihogo yake. Mimi chai ilinipalia.

Nilimweleza mama usiku huo tukila.

"Utawaandikiaje watu usiowajua?" aliuliza.

"Si mtu, mama. Ni mashine."

"Hata kama. Usimwombe mtu kitu hujamjulia hali."

Nami nikaandika kama nilivyolelewa. Nilianza na salamu kamili. Nikauliza habari za kazi na za familia. Nikaeleza mimi ni nani, natokea wapi, na kwa nini nasumbua. Nikaomba radhi kwa usumbufu huo. Mwisho kabisa, baada ya kushukuru, nikataja jina la kaka. Ilikuwa barua safi, ningeweza kumpelekea waziri.

Jibu lilikuja siku ya pili na lilinivunja nguvu. Ile mashine ilikuwa ikisoma kila mstari kama amri. Imechukua salamu zangu, imeziweka juu, na chini yake imeandika kwamba amri hii haijulikani. Imechukua habari za familia: amri haijulikani. Natokea Temeke, Dar es Salaam: amri haijulikani. Ilipofika kwenye kuomba radhi ikachoka, ikasema makosa yamezidi, inaacha kazi. Jina la kaka yangu haikulifikia kabisa.

Niliitolea ile kompyuta maneno ambayo watafiti walitoka vyumbani kuja kuyasikiliza. Mchumba wangu alipopita jioni nikamwonyesha karatasi, naye akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi za ofisi. "Mama akijua kuna kiumbe umekijulia hali kikakataa," alisema, "atakuja mwenyewe." Nami nikacheka, ingawa roho ilikuwa inauma.

Mara ya pili nilituma mstari mmoja: amri, na jina. Hakuna salamu, hakuna tafadhali, hakuna shukrani. Vidole vyangu havikutaka. Nilijiona kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi na kufungua sufuria. Kesho yake ikajibu, kwa heshima zote.

Ilinipa watu wengi kuliko nilivyotaka. Majina yetu ya Kiislamu yameenea dunia nzima, na jina la kaka pamoja na la baba wanalo Wamalesia, wanalo Wamisri, wanalo watu wa Afrika Kusini. Ilikuwa mistari mitupu, jina na anwani, bila sura wala umri. Sasa hapo nilikuwa nawaandikia watu, si mashine, na kwa watu ninajua la kufanya. Nikaandika kwa Kiswahili na Kiingereza, nikawajulia hali wote, nikasema natafuta kaka yangu wa Temeke aliyekwenda kusoma, mama yetu yupo na ni mzima, na kama si wewe basi nisamehe. Nikamtumia kila mmoja.

Wengi hawakujibu. Mmoja, mwalimu wa huko Malesia, alijibu kwamba si yeye, ila amemwombea mama yangu baada ya swala ya Ijumaa. Mwingine alisema niache kusumbua watu. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima kwa muda mrefu, na mimi nikawa naingia ofisini, nakaa mbele ya kioo cheusi, natoka. Baba mdogo akatuma salamu kwamba kama nimepata akili anaweza kuja kuzungumza. Nilimjibu kwamba akili ninayo, kinachokosekana ni umeme.

Umeme uliporudi, kompyuta ikapiga simu, ikavuta mzigo. Kati ya barua za mihogo kulikuwa na moja ya Kiswahili.

"Dada, ni mimi. Mama yupo kweli?"

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliichapisha nikatoka bila kuaga. Mama nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamsomea. Akaniambia soma tena, nikasoma. Akaichukua karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine, akanirudishia.

"Inasema amekonda?"

"Haisemi, mama."

"Muulize." Kisha akajifunika uso na kanga akalia, na ungo wa mchele ukamwagika wote. Nililia naye. Hapo kweli nililia.

Kaka alieleza baadaye, kidogo kidogo. Chuo kilifungwa kabla hajamaliza. Aliona haya kurudi mikono mitupu, akasema ataandika mambo yakinyooka, na kila mwaka uliopita aya ya kwanza ya barua ilizidi kuwa ngumu. Sasa alikuwa mji mwingine, nchi nyingine, anatengeneza kompyuta za chuo kikuu, na jioni anabishana na watu kwenye mabaraza kuhusu redio za zamani. Huko ndiko ile mashine ilikookota jina lake. Nilimkasirikia sana, nikamwambia, na nilipomaliza nikamweleza habari ya ndoa, naye akaniandikia kwamba ameridhia.

Nilimpelekea shehe karatasi ya kaka nikiwa nimevimba kichwa. Aliisoma polepole, akavua miwani.

"Mwanangu, hii mashine anaiendesha nani?"

"Mimi."

"Na anayetaka kuolewa ni nani?"

Karatasi ile ningeweza kuiandika mwenyewe. Alikuwa sawa kabisa, na nilikereka kwa kuwa alikuwa sawa.

"Basi mwandikie swali langu," alisema. "Muulize siku aliyotoroka chuo changu alijificha wapi, na nani alimkuta. Hilo tunalijua wawili tu."

Nikaenda kuliandika. Sikuwa na habari yoyote ya kaka kutoroka chuo. Nyumbani kwetu yeye alikuwa ndiye mfano, mimi ndiye niliyechapwa. Niliituma ile barua. Ukweli niliujua, lakini mtu anaweza kuusahau utoto wake, na ndoa yangu ilikuwa imening'inia kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja aliye mbali.

Jibu likaja: "Mwambie shehe, shikamoo. Nilijificha kwenye birika bovu la maji ya kutawadhia, nyuma ya msikiti. Alinikuta yeye, na baba alipokuja na fimbo akamwambia amenituma dukani."

Nilimsomea shehe. Mzee aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia mpaka alipoinua uso, nikaona anacheka. "Ni yeye," alisema. "Mwambie marahaba. Mwambie na alete uwakala wake, amtaje mtu atakayesimama badala yake."

Nilidhani atamtaja shehe. Nilishapanga hata kanga ya kumpelekea mkewe. Kaka akaandika: "Namfanya baba mdogo wakala wangu, amwozeshe dada yangu kwa mume aliyemchagua."

Nilimjibu kwa hasira hiyohiyo ya siku ya kwanza. Nikamwambia mtu huyo ndiye aliyekataa, na ndiye aliyetaka kumsomea yeye hitima akiwa hai. Akajibu mistari miwili tu. Baba alipofariki, alisema, huyo ndiye aliyetulisha, wewe ulikuwa mdogo. Usinitume nimwaibishe mbele za watu.

Kwa hiyo nilikwenda kwa baba mdogo, nikampa shikamoo, nikampa karatasi. Alikuwa dukani kwake, kati ya makopo ya rangi na sabuni mpya za kutoka nje. Akaisoma amesimama. Akavuta kiti, akaisoma tena amekaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote nimeyapanga. Akaniuliza jambo moja tu.

"Yuko wapi?"

Nikamwambia. Akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, hakuomba wala hakuuliza kama naihitaji.

"Mwambie mchumba wako," alisema, "Ijumaa baada ya swala."

Nikaha ilifungwa nyumbani kwetu. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake tukawa chumbani, pazia katikati, na mama amekaa karibu na pazia kuliko mtu yeyote. Nilimsikia shehe akimwongoza baba mdogo neno kwa neno, na penye upenyo wa pazia nikauona mkono wa baba mdogo umeshikana na wa fundi wangu. Baba mdogo akafuata vizuri. Nimekuozesha binti wa marehemu kaka yangu, kwa mahari mliyokubaliana, kwa uwakala wa kaka yake. Hapo shehe alikuwa amemaliza. Baba mdogo hakuuachia mkono. Tulimsikia akivuta pumzi, kisha akaongeza la kwake, kwa sauti ya kusikika mpaka uani:

"Ambaye yu hai."

Bwana harusi alitakiwa ajibu papo hapo kwamba amekubali. Hakupata nafasi. Mama alipiga kigelegele kirefu kabla ya wakati wake, kabla sijawa mke wa mtu, na sebuleni wanaume wote wakamsubiri amalize.